Video za sayari zinajaza diski: pa kupunguzia ni kabla ya kurekodi

Swali la msomaji: Natumia darubini yenye kipenyo cha mm 200 na urefu wa fokasi wa mm 2000, lenzi ya Barlow ya 1.5 (inayozidisha urefu huo wa fokasi), na kamera ya rangi ya pikseli 1936 × 1096, kila pikseli ikiwa na upana wa maikroni 2.9. Narekodi Mshtarii kwa dakika tatu tatu, AVI ya RGB24. Kila video inakaribia GB 70, na baada ya video kumi diski ya TB 1 imejaa. Tena, mara nyingine programu huanza kwa fremu 60 kwa sekunde, lakini baada ya dakika moja hivi hushuka hadi 20 na hesabu ya fremu zilizopotea inapanda. Je, nizibane ziwe MP4? Ninunue diski kubwa zaidi? Na nikishatengeneza picha, naweza kufuta video?

Jibu:

MP4 hapana, na diski mpya isubiri kwanza. Kiini cha shida ni mipangilio miwili ya kamera. Ukiirekebisha, kazi ya usiku mzima itakaa ndani ya nafasi ndogo kuliko inayoliwa sasa na video moja, na fremu zitaacha kupotea, maana hayo mawili yana chanzo kimoja.

Shika kikokotoo. Video isiyobanwa haina siri: upana mara kimo, mara baiti za kila pikseli, mara fremu kwa sekunde, mara idadi ya sekunde. Kihisi chako kina pikseli 1936 × 1096, yaani 2,121,856. RGB24 huandika baiti tatu kwa kila pikseli, hivyo fremu moja ni baiti 6,365,568. Fremu 60 kwa sekunde zinahitaji takriban MB 382 kila sekunde, na kwa sekunde 180 unapata GB 68.7. Hizo ndizo GB 70 zako. Kompyuta haijaharibika, inaandika ulichoiagiza.

Baiti mbili kati ya tatu hazikupimwa

Katika kihisi cha rangi, kila pikseli imefunikwa kichujio cha rangi moja tu: nyekundu, kijani au buluu. Rangi mbili nyingine hukadiriwa kutoka kwa pikseli za jirani. Unapochagua RGB24, makadirio hayo hufanywa papo hapo, kwa njia ya haraka haraka, kisha unayahifadhi kama kwamba ni vipimo. Chagua RAW8 na faili la SER (umbo la video isiyobanwa linalotumiwa na wapiga picha wa sayari). RAW8 huandika baiti moja kwa pikseli, ile iliyopimwa kweli, na kazi ya kutafuta rangi inaachiwa AutoStakkert, programu ya kurundika, yaani kupanga fremu nyingi na kuzichukulia wastani kuwa picha moja. Huko inafanyika vizuri zaidi, kwa sababu sayari huwa inayumbayumba juu ya kihisi kutoka fremu hadi fremu, na programu hiyo inaweza kutumia kuyumba huko kujaza nafasi ya kila rangi kwa vipimo halisi kutoka fremu mbalimbali.

Usishtuke kioo cha kompyuta kikionyesha Mshtarii wa kijivu wenye vidoadoa kama kitambaa kilichofumwa. Hiyo ndiyo sura ya data ghafi. Programu nyingi za kurekodi zina kitufe cha kuonyesha rangi kwenye kioo tu bila kugusa kinachoandikwa diskini; tafuta hicho ikiwa unahitaji rangi kwa ajili ya kulenga fokasi.

Wengi huuliza hapo: kwa nini si RAW16? Kamera za aina yako kwa kawaida hupima kwa biti 12. RAW16 huziweka biti hizo 12 ndani ya baiti mbili, nne zikiwa tupu, na faili linakuwa maradufu. Faida yake kwa sayari ni ndogo mno. Geini (kiwango cha kukuza ishara ya kihisi) ikiwa juu, kelele ya kila fremu ni kubwa kuliko hatua moja ya biti 8, na kelele hiyo ndiyo inayokuokoa: thamani ya pikseli hurukaruka kati ya hatua mbili au tatu, na ukizichukulia wastani fremu 4,000 unapata viwango vya kati ambavyo fremu moja haikuweza kuvieleza. Fremu 4,000 hupunguza kelele kwa takriban mara 63, sawa na kuongeza biti sita hivi juu ya zile nane. RAW16 ina nafasi yake ukirekodi Mwezi kwa geini ya chini sana, au unaporundika fremu chache.

Anga jeusi ndilo linalojaza diski

Sasa ukubwa wa sayari yenyewe. Kwa darubini yako na Barlow, urefu wa fokasi ni mm 3000. Zidisha 206.265 kwa maikroni 2.9 kisha gawanya kwa 3000: kila pikseli inaona sekunde za tao 0.2 (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii). Mshtarii ukiwa na kipenyo cha sekunde 48 utachukua pikseli 241 kwenye ikweta, na pungufu kidogo kutoka ncha hadi ncha kwa kuwa umebonyea. Eneo lake lote ni kama pikseli 42,600. Linganisha na 2,121,856 za kihisi kizima: asilimia 2. Asilimia 98 ya kila video yako ni giza.

Kwenye programu ya kurekodi kuna sehemu iliyoandikwa ROI. Ndipo unapoiambia kamera isome kipande tu cha kihisi. Kwa Mshtarii weka 400 × 400. Fremu moja sasa ni baiti 160,000. Kwa fremu 100 kwa sekunde hiyo ni MB 16 kila sekunde, mzigo ambao hata diski ya kuzunguka ya zamani inaubeba bila kuhema. Dakika tatu zilezile zinakuwa GB 2.88, yaani ndogo karibu mara 24, na ndani yake kuna fremu 18,000 badala ya 10,800.

Fremu zimeongezekaje? Kwa kihisi kizima, kilichokuwa kinakubana ni wingi wa data kwenye waya na diski: kebo ya USB 3.0 kwa vitendo hupitisha kama MB 350 hadi 400 kwa sekunde, basi. Ukikata eneo, kizuizi kinahamia kwenye muda wa mwanga, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Fremu ya milisekunde 10 haiwezi kuzidi 100 kwa sekunde, na ya milisekunde 5 haiwezi kuzidi 200. Hapo ndipo unapotaka kufika, kwamba kasi iamuliwe na mwanga wa sayari na wala si waya au diski.

Kuna mambo manne ya kuangalia kwenye kukata eneo. Kamera nyingi hukubali upana unaogawanyika kwa 8 na kimo kinachogawanyika kwa 2. Ukiandika 403 programu itarekebisha au itakataa. Pili, vihisi hivi husomwa mstari kwa mstari, kwa hiyo kupunguza kimo ndiko kunakoharakisha usomaji. Kupunguza upana hasa hupunguza mzigo wa USB na diski. Zohali, kwa mfano, ikiwa pete zake ni sekunde 44 za tao, huchukua pikseli 220 kwa upana. Zungusha kamera hadi pete zilale sambamba na upande mrefu wa kihisi, uweke 400 × 240.

Tatu ni rangi. Vichujio vya kihisi vimepangwa kwa viraka vya pikseli 2 × 2, na eneo ulilokata likianzia kwenye safu isiyo sahihi, au ukiwa umegeuza picha juu chini wakati wa kurekodi, mpangilio huo unahama. Programu nzuri hulishughulikia hilo zenyewe. Ukiona Mshtarii wa zambarau au wa kijani baada ya kurundika, data haijaharibika: lazimisha mpangilio mwingine wa Bayer (jina la mpangilio huo wa vichujio) ndani ya AutoStakkert, kati ya minne iliyopo, hadi rangi zikae sawa. Dawa ya kudumu ni kutogeuza picha wakati wa kurekodi, geuza mwishoni.

Nne, sayari lazima ibaki ndani ya dirisha. Pikseli 400 kwako ni sekunde 80 za tao, na mota ya kufuatilia ikizimwa anga husogea sekunde 15 kila sekunde ya saa, kwa hiyo Mshtarii ungevuka dirisha lote kwa sekunde tano hivi. Mota ikiwa inafanya kazi na mhimili umeelekezwa vizuri, utahitaji kugusa vitufe vya kusogeza mara moja moja tu. Ikiwa mlingoti wako (kitako kinachobeba na kusogeza darubini) una mchezo kwenye gia, anza na 640 × 480. Bado ni baiti 307,200 kwa fremu, sehemu ya ishirini ya unachoandika leo. Usikate kwa pupa. Fremu ambayo ukingo wa sayari umekatwa ni ya kutupa, na fremu mia kadhaa za namna hiyo huvuruga upangaji wa zilizobaki.

Ukitaka miezi ya Mshtarii ionekane pia, rekodi video moja ya dirisha pana kwa sekunde 20, uiunganishe baadaye. Haina haja ya kuwa pana usiku kucha.

Dakika tatu au moja na nusu?

Mshtarii huzunguka kwa chini ya saa 10, na mzunguko huo una neno na ukubwa wa faili. Katikati ya sayari, alama husogea takriban sekunde za tao 0.25 kila dakika, zaidi kidogo ya pikseli moja kwako. Kwa dakika tatu ni 0.76, wakati darubini ya mm 200 inatenganisha kama 0.58. AutoStakkert huvumilia kiasi, kwa kuwa kila alama ya upangaji inafuatiliwa peke yake, lakini kingo za sayari zinaanza kulegea.

Rekodi sekunde 90. Fremu 9,000, GB 1.44. Ukitaka data zaidi, chukua video tano au sita mfululizo, rundika kila moja kivyake, kisha ziunganishe kwa WinJUPOS, ambayo hurudisha mzunguko nyuma. Faida nyingine ya video fupi ni kwamba utulivu wa hewa hubadilika dakika kwa dakika. Video ya sekunde 90 iliyoangukia wakati mbaya unaifuta yote bila majuto. Ndani ya video ndefu, dakika mbaya inakaa pamoja na nzuri, na unailipia nafasi. Video 20 kwa usiku ni GB 28.8. Mirihi na Zohali huvumilia dakika tatu hadi tano, Mirihi kwa sababu huzunguka polepole, Zohali kwa sababu mawingu yake yana alama chache zinazoonekana.

Mwezi ni habari nyingine kabisa. Hapo fremu yote imejaa, hakuna anga la kukata. Usiweke kikomo cha muda, weka kikomo cha idadi: fremu 1,000 hadi 2,000 kwa kila eneo zinatosha, maana mwanga ni mwingi. Kwa kihisi chako kizima, fremu 1,000 za RAW8 ni GB 2.1.

Kwa nini ilianza 60 ikashuka 20

Hata baada ya kupunguza mzigo ni vizuri ujue kilichotokea, kwa sababu Mwezi utakurudisha kwenye mizigo mikubwa. Wakati wa kushuka ndio unaokuambia mkosaji.

Kasi ikiwa ndogo tangu sekunde ya kwanza, angalia muda wa mwanga kwanza, kisha kebo na tundu. Kamera ya USB 3 iliyochomekwa kwenye tundu la USB 2, au kwa kebo ya USB 2, haipati zaidi ya MB 40 hivi kwa sekunde. Kebo ndefu kupita mita tatu isiyo na kikuza mawimbi, au kitovu cha USB kisicho na umeme wake, huleta fremu zilizokatika. Kuna pia mpangilio unaoitwa USB Traffic kwenye kamera nyingi: ukiwa juu mno fremu zinapotea, ushushe hatua kwa hatua hadi hesabu itulie.

Kasi ikiwa nzuri kwa sekunde chache halafu ikaporomoka, programu ilikuwa inajaza RAM, na ilipojaa ikakutana na diski isiyoweza kufuata. Hiyo ndiyo tabia ya diski ya kuzunguka, ambayo huandika kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde, na hupungua kadiri inavyojaa kwa sababu njia za ndani ya sahani ni fupi. Flashi nyingi ni mbaya zaidi.

Yako ilidumu dakika nzima, yaani ulikwisha kuandika karibu GB 23. Hiyo ni dalili ya SSD ya bei nafuu. Diski hizo zina eneo la mwanzo linaloandika haraka sana. Likijaa, kasi inaanguka hadi ya diski ya kuzunguka au chini yake. Fremu 20 za RGB24 ni MB 127 kwa sekunde, na inalingana vizuri. Zaidi ya hapo, kwenye diski nyingi eneo hilo hukopwa kutoka kwenye nafasi iliyo wazi, kwa hiyo SSD iliyojaa asilimia 85 ina akiba ndogo kuliko ilipokuwa tupu. Acha angalau robo ya diski ikiwa wazi kabla ya kuanza usiku. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni ya sekunde za mwanzo. Inayokuhusu wewe ni ya dakika ya tatu.

Pima mchana. Funika darubini, weka mipangilio ya usiku, rekodi dakika tatu, tazama hesabu ya fremu zilizopotea. Ikibaki sifuri uko salama. Isipobaki, kagua wanaochungulia: programu ya kuzuia virusi inayosoma kila faili jipya (iambie iliache folda la rekodi), huduma ya kuhifadhi mtandaoni inayojaribu kupakia video kwa sababu umeiweka kwenye Desktop, na hali ya kuokoa betri. Usiwashe kabisa ubanaji wa NTFS wa Windows kwenye folda hilo. Diski ya nje ya kurekodia ifomatiwe kwa exFAT au NTFS. FAT32 hukata faili kwenye GB 4, na utaligundua hilo asubuhi.

MP4 na zip

MP4 hufinya video kwa kutupa tofauti ndogo ndogo kati ya fremu na fremu. Kwa macho ya mtazamaji tofauti hizo ni takataka. Kwako ndizo data: undani wa ukanda wa mawingu uliofichwa ndani ya kelele, ambao huibuka tu baada ya wastani wa maelfu ya fremu. Ukirundika video iliyokwisha kubanwa kisha ukainoa, utaona miraba ya pikseli 8 au 16 ikijitokeza juu ya sayari, na hakuna dawa.

Kubana bila kupoteza, kwa 7-Zip mathalani, ni salama, ila kelele haibaniki, na kelele ndiyo sehemu kubwa ya fremu yenye geini ya juu. Ukishakata anga jeusi hakuna kilaini kilichobaki cha kubana. Utasubiri muda mrefu kwa punguzo dogo. Kata eneo, achana na zip.

Kuhusu SER yenyewe, ni umbo rahisi ajabu: baiti 178 za kichwa, fremu zikifuatana bila pambo, na mwishoni baiti 8 za saa kwa kila fremu. Kwa hiyo unaweza kukagua faili kwa hesabu tu. Video ya fremu 9,000 za 400 × 400 za RAW8 inapaswa kuwa na baiti 1,440,072,178 kamili. Ikipungua, nakala imekatika au rekodi haikufungwa vizuri. Programu ikizimika katikati ya kurekodi, fremu huwa zipo lakini idadi yake kwenye kichwa huweza kubaki sifuri na faili likakataa kufunguka. Ondoa 178 kwenye ukubwa wa faili, gawanya kwa 160,000, na sehemu kamili ya jibu ndiyo idadi ya fremu. Iandike kama namba ya baiti nne, ndogo ikitangulia, kuanzia nafasi ya 38 ya kichwa (ukihesabu kutoka sifuri), kwa kihariri cha heksadesimali, na juu ya nakala, kamwe si juu ya faili asilia.

Zile GB 690 ulizonazo tayari

Pitisha kwenye PIPP, programu ya kuandaa video za sayari kabla ya kurundika. Fungua AVI, chagua mpangilio wa sayari, washa kuweka sayari katikati na kukata 400 × 400, toleo liwe SER. Kwa kuwa zilirekodiwa RGB24, huwezi kurudi kwenye data ghafi, kwa hiyo kila fremu itakuwa baiti 480,000. Video ya GB 68.7 itakuwa GB 5.2 au chini, kutegemea fremu ngapi zilipotea. Kumi zote zitaingia kwenye GB 52.

Zima upangaji wa fremu kwa ubora. Unavutia, lakini unavuruga mfuatano wa wakati, na chini utaona kwa nini mfuatano una thamani. AVI haina saa ya kila fremu kama SER, kwa hiyo tunza faili dogo la maandishi ambalo programu ya kurekodi iliandika pembeni, lenye saa ya kuanza na kumaliza. Fungua kila toleo kwa SER Player, ulitazame mwanzo, katikati na mwisho kabla ya kugusa asilia.

Kutunza, kisha kufuta

Majina yaanze na tarehe na saa ya UT (saa ya kimataifa), kwa mtindo wa WinJUPOS: 2025-01-14-1932_5, ambapo tarakimu ya mwisho ni sehemu ya kumi ya dakika. Programu ya kurekodi ya FireCapture inaweza kuandika hivyo yenyewe. Saa iwe ya katikati ya video. Na kompyuta ipatanishwe na saa ya mtandao kabla ya kuanza, kwani Mshtarii hugeuka digrii 0.6 kila dakika na kosa la dakika mbili huonekana unapounganisha.

Rundika ukiwa bado kwenye SSD, kwa sababu AutoStakkert husoma faili zaidi ya mara moja. Kwa kila video toa rundo mbili au tatu, tuseme asilimia 10, 25 na 50, kama TIFF za biti 16. Picha moja ya rangi ya 400 × 400 ni chini ya MB 1. Hizo, pamoja na maandishi ya rekodi, ndizo za kutunza milele, kwenye diski mbili tofauti. Diski ya kuzunguka, isiyofaa kurekodia Mwezi, inafaa kabisa hapa.

Kwa kuhamisha SER kubwa kwenye Windows tumia amri ya kunakili ya robocopy na alama /E /J. Ya pili hupita kando ya akiba ya mfumo na imekusudiwa mafaili makubwa. Kisha linganisha alama ya SHA256 (namba inayokokotolewa kutoka yaliyomo kwenye faili) ya pande zote mbili kwa certutil -hashfile, ukiandika jina la faili kisha SHA256 mwishoni. Usitumie amri ya kuhamisha. Nakili, kagua, ndipo ufute.

Kabla ya kufuta video ya Mshtarii, ipitishe kwenye DeTeCt, programu ya Marc Delcroix inayotafuta mimweko ya vitu vinavyogonga sayari. Tarehe 3 Juni 2010 Anthony Wesley akiwa Australia alirekodi mmweko wa namna hiyo, na Christopher Go akiwa Ufilipino akaukuta kwenye video yake ya wakati uleule. Tarehe 13 Septemba 2021 José Luis Pereira wa Brazil aliupata mwingine, na ni DeTeCt iliyomwonya asubuhi yake alipozipitisha video za usiku. Mmweko hudumu sekunde moja au mbili. Kati ya fremu 9,000, hizo ni 100 au 200, na wastani wa rundo huumeza kimya kimya. Picha yako ya mwisho haitauonyesha. DeTeCt inahitaji fremu katika mfuatano wake, ndiyo maana hukupaswa kuzipanga kwa ubora.

DeTeCt ikisema hakuna kitu, tunza SER mbili au tatu zilizo bora za usiku, kwa kuwa programu za kurundika huboreka na huenda ukataka kurudia. Grafu ya ubora ya AutoStakkert itakuonyesha zipi. Zilizobaki futa, kisha mwaga pipa la takataka la kompyuta, maana faili lililomo humo bado linakalia nafasi. Iache mashine ikiwa imewashwa kwa muda bila kazi ili SSD isafishe nafasi iliyoachwa kabla ya usiku unaofuata.